Mbolea Iliyotugharimu Ng'ombe

Akina mama wenzangu, kwa miaka mingi nimesimama kliniki mbele ya wajawazito na mama wenye watoto wachanga nikirudia somo lile lile: mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, dawa ya panya isikae karibu na unga. Nimewapokea watoto waliokunywa mafuta hayo. Kwa hiyo mnaposoma haya, mjue kwamba aliyefanya kosa hili hakuwa mtu asiyejua.

Sisi tunaishi Njombe. Tuna ekari mbili za mahindi, kipande cha matete, na wakati ule tulikuwa na ng'ombe wa maziwa na mtamba wake. Yule mkubwa alikuwa akitoa lita 12 kwa siku. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada ya chuo ya binti yetu. Mshahara wangu ulikuwa na kazi nyingine.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda dunia nzima, na vita vya Ukraine vikaizidisha. Agosti mwaka huo Serikali ikaanza mpango wa ruzuku, nasi tukajiandikisha kama wengine. Swali likawa, mbolea ya kukuzia tuchukue ipi? Mume wangu alikuwa na hesabu yake, na kwa kweli ni hesabu nzuri. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko kama huo wa CAN ya asilimia 26 una kilo 13. SA, yenye asilimia 21, ina kilo 10 na nusu tu. "Mama, sisi tunanunua naitrojeni, hatununui mfuko," aliniambia. Anayetazama bei ya mfuko peke yake huweza kudhani amepata rahisi kumbe amelipa zaidi. Tukachukua mifuko miwili ya urea.

Januari 2023 tukaiweka shambani, kizibo cha soda kwa kila shina, na kuifukia. Ikabaki robo mfuko. Panya walikuwa wametoboa mfuko ule, nami sipendi kuona kitu kinamwagika, nikaimimina katika ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndoo hiyo zamani ilikuwa ya chumvi ya ng'ombe. Nikaiweka stoo, kando ya pumba. Sikuandika neno lolote juu yake.

Jumamosi iliyofuata nilitoka na wanawake wenzangu wa usharika kwenda kuwatembelea wagonjwa. Kijana anayetusaidia mifugo akachanganya pumba. Aliiona ndoo anayoijua, na ndani yake punje nyeupe. Akatia viganja vitatu. Ng'ombe alikuwa na njaa, akalamba karai lote.

Simu ilinikuta njiani. "Mama, ng'ombe anatetemeka, anatoa povu." Nilipofika alikuwa amelala chini, tumbo limevimba, anahema kwa shida na kupiga miguu. Bwana mifugo naye alifika, akauliza swali moja tu: amekula nini? Nikaenda stoo, nikaikuta ile ndoo wazi. Nilirudi nikiwa nimeibeba mkononi, nikashindwa kusema.

Alikufa kabla ya jua kuzama. Tukamfukia, nyama yote, kama tulivyoelekezwa.

Baadaye bwana mifugo alinieleza. Katika tumbo la ng'ombe wamo vijidudu ambavyo huivunja urea upesi na kuigeuza amonia. Ikiwa kidogo, na mnyama amezoeshwa polepole, vijidudu hivyo huitumia kutengeneza protini, ndiyo maana wataalamu wa vyakula vya mifugo huweza kuichanganya kwa kipimo maalumu. Ikizidi, amonia huingia katika damu kuliko ini linavyoweza kuiondoa, na mnyama hufa ndani ya saa chache. Kwa ng'ombe asiyezoea, hata nusu kilo haifiki. Kinachoweza kumwokoa ni kuwahi: anyweshwe lita kadhaa za siki pamoja na maji mengi ya baridi, tena na mtu anayejua kumnywesha asije akapaliwa. Mimi nyumbani nilikuwa na chupa moja ndogo ya siki, ya kachumbari.

Kijana yule alilia kuliko sisi. Akasema atafanya kazi bila mshahara mpaka deni liishe. Nilimwita mbele ya mume wangu nikasema kwamba deni hilo si lake. Aliona ndoo ya chumvi, akachota chumvi. Mume wangu alikaa siku tatu bila kusema neno, na siku ya nne akasema urea haitaingia tena katika uwanja wake. Ada ya muhula uliofuata tuliikopa.

Wiki ile zamu ya kuongoza kipindi cha wanawake ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa somo jingine, lakini niliweka karatasi chini nikafungua Mithali 12:10, panapotaja jinsi mwenye haki anavyomjali mnyama wake, nikawaeleza yaliyotupata. Nilitegemea kunyoshewa vidole. Badala yake mama wawili walisema mbolea yao iko katika madebe ya jikoni, na wakaondoka mapema kwenda kuihamisha.

Msimu mpya ulipokaribia ilibidi tuchague tena, na hasira si kipimo cha kuchagulia mbolea. Tulimwendea bwana shamba. Akatushauri kwanza tupime udongo, na kweli ukaonekana una tindikali nyingi, kama ilivyo katika mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini. Hapo hesabu ya mume wangu ikapata upande wa pili. Urea huongeza tindikali, na SA huiongeza zaidi. CAN ina chokaa ndani yake, kwa hiyo haiuchoshi udongo kiasi hicho. Tena urea ikiachwa juu ya ardhi kwenye jua, sehemu yake hupotea hewani. Asiye na watu wa kuifukia asiinunue. CAN haipotei hivyo, ila nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na mvua kubwa huisomba. Huwekwa kidogo kidogo, mara mbili.

Nilifurahi nikidhani tumepata mbolea isiyoua. Bwana shamba akacheka kidogo. "Naitreti nayo huua ng'ombe, mama. Hakuna mbolea ya dukani ya kulambwa."

Kuhusu naitreti niongeze la kwangu kama muuguzi. Ikiingia kisimani kutoka shambani au kwenye lundo la samadi, humdhuru hasa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha huwa za bluu. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua jikoni, naitreti hubaki ile ile. Tuliliondoa lundo letu upande wa kisima, tukalihamishia mteremko wa chini.

Lundo hilo ndilo lililotufundisha zaidi. Miaka yote tulikuwa tukiacha samadi juani, na mkojo ukitiririka nje ya banda. Ile harufu kali inayochoma pua ukiingia bandani asubuhi ni amonia, yaani naitrojeni ileile tunayopanga foleni kuinunua. Sasa tunatandika nyasi kavu zinyonye mkojo, tunakusanya vyote pamoja, na lundo tunalifunika kwa majani ya migomba mpaka lioze. Samadi haiwezi kuleta naitrojeni nyingi kwa mara moja, na sehemu yake hutoka msimu wa pili na wa tatu, lakini udongo wetu umeanza kushika maji.

Kulingana na mifuko miwili ya urea tungehitaji mitatu na nusu ya CAN. Tulinunua miwili, tukaweka samadi katika kila shimo la kupandia, na maharage katikati ya mistari. Mahindi yalipungua magunia machache msimu wa kwanza. Mume wangu aliyahesabu mara mbili. Msimu uliofuata upungufu huo haukuonekana.

Mtamba amezaa, na anakamuliwa. Mbolea inakaa katika sanduku lenye kufuli, mbali na banda, ikiwa katika mfuko wake yenyewe. Ufunguo anautunza yule kijana, kwa ombi langu.