Moshi wa Ndara na Nyama ya Udhiya

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara huagana na minazi mapema. Akishapita Mariakani upepo hugeuka, unyevu wa bahari hupungua, na nyika ya Taru humpokea kwa vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Penye Mackinnon Road wengi husimama kuswali katika msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli. Nasi tuliswali hapo, tukaendelea hadi Maungu, na baada ya Maungu ukatokea upande wa kushoto mlima mrefu, mgongo wake umefunikwa na wingu jembamba. Katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 mlima huo huitwa Ndara. Leo aghalabu husemwa Sagala, na wenyeji wake, Wasagala, wana lugha yao iliyo mbali kidogo na Kidawida cha ndugu zao wa milima ya Taita.

Tulifika katika siku za tashriki, nyumba nyingi za Waislamu zikiwa na nyama ya udhiya. Kwetu pwani swali la siku hizo ni nafasi ya jokofu. Kwa mwenyeji wetu wa Ndara, mama wa makamo aliyeolewa huko zamani, jokofu halikuwamo katika hesabu. Mbuzi alichinjwa baada ya swala ya Idi, mafungu ya jamaa na ya maskini yakagawanywa siku ile ile, na fungu la nyumba likapelekwa jikoni.

Jiko lenyewe ni kibanda kilichojitenga na nyumba, kuta zake za fito zilizoachiwa nafasi ili moshi upate kutoka. Juu ya mafiga matatu, kimo cha kifua cha mtu mzima, umetundikwa uchaga wa vijiti. Nyama hukatwa vipande virefu kufuata nyuzi zake, unene wa kidole, na mafuta yote huondolewa, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayochacha kwanza. Hupakwa chumvi kwa mkono usio na choyo, ikalala usiku mmoja ndani ya chungu, na asubuhi ikaanikwa kivulini kwenye kamba, chini ya kipande cha chandarua cha kuzuia nzi. Jioni ngozi yake huwa imekauka na haigandi tena kidoleni. Hapo ndipo hupanda uchagani.

"Moto usiuone, uusikie tu," mama alituambia. Kuni zilikuwa mbili, za mgunga mkavu, zikifuka bila kuwaka. Moto mkali huipika nyama nje na kuiacha mbichi ndani, nayo huoza ikionekana nzima. Moshi wa taratibu huifukuza maji kidogo kidogo, siku 3 au 4, hata kipande kikawa cheusi, chepesi, na kikikunjwa kinapasuka nyuzi bila kutoa unyevu. Tulistaajabu kwa uchache wa kuni alizotumia. Baadaye tukafahamu sababu: kuni za Ndara hufuatwa vichakani, na vichaka vina ndovu. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta, na ndovu hawaijui mipaka yake. Mwanamke akwendaye kutafuta kuni huenda na wenzake, hurudi kabla ya jua kuzama, na hathubutu kuteketeza mzigo wake kwa usiku mmoja.

Kuhusu kuweka akiba, wenyeji wetu hawakuwa na shaka, wala hawakupaswa kuwa nayo. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kuiweka nyama ya udhiya kupita siku 3 katika mwaka ambao maskini wa majangwani waliingia Madina na njaa, mwaka uliofuata akawaruhusu kula, kutoa na kuweka. Amri ilifuata njaa ya watu. Mama naye, kabla ya kuupandisha uchaga, alimtuma mwanawe kwa jirani aliyefiwa na mume, aulize kama fungu lake lilimfikia.

Lakini lililotufanya tuandike makala hii ni jambo jingine. Tulimwuliza mama, kwa kuwa njia ni ndefu na nyama yake ilikuwa bado uchagani, kama tungeweza kununua iliyokwisha kukauka mahali fulani barabarani. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Wanangu, nyama ikishapita moshini haina jina."

Maneno hayo ni mazito kwa nyumba ya Kiislamu. Ukanda huu unapakana na pori, na katika pori hutegwa vitanzi vya waya. Paa, nyati na hata twiga hunaswa, hukatwa vipande, hukaushwa kwa moshi, na vipande vyao huuzwa kwa siri vikiitwa vya ng'ombe au mbuzi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji huo hata ukiwa wa chakula cha nyumbani. Ila kabla ya sheria ya nchi iko ya dini: mnyama aliyenyongwa na kitanzi akafa humo ni kibudu, naye ametajwa katika Sura ya Al-Maida miongoni mwa vilivyoharamishwa. Nyama mbichi buchani huonekana rangi na mafuta, na mchinjaji anajulikana. Nyama ya moshi imefichwa rangi, harufu na hata umbo. Mnunuzi hana cha kushika ila neno la muuzaji. Kwa maoni yetu, asiyemjua muuzaji na mchinjaji wake na aiache, hata bei ikiwa ya kupendeza. Tena bei ya kupendeza ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Basi afadhali kuikausha nyumbani. Hata hivyo pwani si Ndara. Hewa yetu ina maji, na nyama ikianikwa Mombasa au Lamu mwezi wa mvua hufanya ukungu kabla ya kukauka. Anayetaka kujaribu achague kaskazi kavu, akate vipande vyembamba zaidi, na asiutegemee upepo. Moto mdogo uanze siku ile ile. Vifuu hutoa makaa mazuri, na makumbi makavu hutoa moshi mtulivu. Mbao zenye rangi au dawa zisiingie motoni kabisa. Wala jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala kwa kisingizio chochote, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala.

Liko pia onyo la wanaobanika mishikaki mashambani. Vijana wetu walipotaka kukata vijiti kichakani, mama aliwazuia mpaka alipovikagua kimoja kimoja. Katika nyika hii humea msunguti, mti ambao Waata, wawindaji wa kale wa ndovu, waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Kijiti chake hakitofautiani na vingine machoni mwa mgeni, na sumu yake hupatana na mate ya nyama ya moto. Mishikaki ya chuma ni salama na hudumu.

Nyama ya moshi haijaiva, imekauka tu. Mama huiosha kwa maji ya moto, huiloweka tangu alfajiri, huichemsha hata ilainike, ndipo akaanza kuiunga. Siku ya kuondoka kwetu aliipika kwa nazi tuliyomchukulia kutoka Kilifi: kitunguu, nyanya, bizari kidogo, tui jepesi kwanza na tui zito mwisho. Chumvi hakutia. Moshi ulikuwa umeingia ndani ya tui lote, na watoto waliokuwa wakilalamikia weusi wa nyama walikomba sinia.

Alitufungia vipande kumi na viwili katika mfuko wa nguo, akatukanya tusivitie katika plastiki. Mombasa vilikaa vizuri wiki mbili. Katika ya tatu vilianza kulegea kwa unyevu, kama alivyotuambia, tukavitundika tena juu ya makumbi siku nzima.