Ari ya Mpiga Ritungu: Miaka ya Kazi kati ya Tarime na Mugumu

Kulegea kwa ari katika mazoezi ya ala ya muziki ni hali ambayo mpigaji, akiwa mzima wa mwili na akiwa bado anaipenda kazi yake, hujikuta hana hamu ya kuishika ala, na hata akiishika huiweka chini mapema bila kujua ni kitu gani kilichomkinaisha. Hali hiyo si uvivu, kwa kuwa mtu huyohuyo huendelea kulima, kufundisha na kutimiza majukumu yake mengine bila kusukumwa; wala si kukosa kipaji, kwa kuwa mara nyingi humpata mtu aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo, ambaye vidole vyake tayari vinamtii. Tawasifu hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyomkuta mwalimu wa shule za msingi, ambaye ndiye mwandishi wake, katika miaka aliyofanya kazi kwenye wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara huku akijifunza kupiga ritungu. Hoja yake ni kwamba ari ya mpigaji wa ala kama hiyo haikai ndani ya mpigaji peke yake, bali hukaa baina yake na watu wanaomngoja, na kwamba anayeitafuta moyoni mwake tu huitafuta mahali isipokuwapo.

Ritungu, ambalo pia huandikwa litungu, ni ala ya nyuzi nane ya Wakurya, watu wanaoishi Tarime na Serengeti kwa upande wa Tanzania na Kaunti ya Migori kwa upande wa Kenya. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, nalo huhesabiwa miongoni mwa ala kubwa kabisa za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Sehemu yake ya chini ni bakuli kubwa la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye bakuli hilo huchomekwa mihimili miwili iliyounganishwa juu kwa mti uliolala, na nyuzi hutoka kwenye ngozi, zikapita juu ya kidaraja kidogo, zikafika kwenye mti huo, ambako kila uzi hufungwa juu ya kikuku cha kitambaa kinachozungushwa ili kuukaza au kuulegeza. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni ileile wanayotumia wavuvi wa Ziwa Victoria. Mpigaji huketi kwenye kigoda akacharaza kwa vidole vya mikono yote miwili, na sauti inayotoka ni nzito, yenye mngurumo ambao msikilizaji aliye karibu huuhisi kifuani.

Kinachoifanya kazi ya ritungu kuwa ngumu si wingi wa nyuzi. Ugumu uko katika mzunguko, yaani kipande kifupi cha muziki ambacho mikono hukirudia bila kukatika tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, wakati mdomo ukieleza habari nyingine kabisa: sifa za mwenye nyumba, ng'ombe walioibwa, ukoo ulitoka wapi na ukaoa wapi. Mikono ikisikiliza mdomo, mzunguko huyumba. Mdomo ukisikiliza mikono, habari hupotea. Na mwanafunzi anaweza kupiga mizunguko mingi kwa usahihi kwa muda mrefu kabla hajaweza kuimba juu ya mmoja wake.

Mwandishi alijifunza misingi ya ala hiyo katika nyanda za juu za Tarime, kwenye mashamba ya kahawa na migomba yaliyo upande wa Nyamwaga, kwa mzee ambaye hakuwahi kufundisha kwa maelezo. Mwanafunzi aliketi kando yake, akatazama vidole, na jioni ilipokwisha aliachiwa ala ajaribu. Ikiwa masika yameanza na ngozi imenyonya unyevu, mzee alikuwa akisema, "Mura, ngozi imelala, iamshe kwanza," na kijana, kwani ndiyo maana ya neno mura kwa Kikurya, akalipeleka ritungu karibu na moto, akaligeuzageuza mpaka ngozi ikakauka na kujibu kidole kilipoipiga. Jambo ambalo mwandishi hakulipa uzito wakati huo, na ambalo baadaye lilikuja kuwa msingi wa tawasifu hii, ni kwamba mzee huyo hakuwa na mazoezi kwa maana ya shule. Alikaza nyuzi akiwa peke yake, lakini hakupiga akiwa peke yake. Alipiga jirani alipoingia, wajukuu walipotoka shule, au ujumbe ulipofika kwamba mahali fulani kutakuwa na harusi, au kwamba likizo ya Desemba imekaribia na vijana watatahiriwa, na kila mara kulikuwa na mtu aliyekatisha wimbo kusema kwamba jina la babu fulani halikutajwa.

Uhamisho wa kikazi ulimvusha mwandishi Mto Mara, ambao hutenganisha wilaya hizo mbili, ukampeleka katika shule iliyo nje kidogo ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Nchi ya upande huo ni kavu zaidi, mashamba ya pamba na mtama huchukua nafasi ya migomba, na Wakurya huishi jirani na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambao kila mmoja ana ngoma zake na nyimbo zake. Katika nyumba ya mwalimu, bila mzee na bila wachezaji, mwandishi aliamua kuyapanga mazoezi kama alivyopanga masomo: aliandika azimio la kazi la muhula mzima, akaligawa kwa wiki, na kila jioni aliketi na andalio la somo lililoonyesha mzunguko wa kupiga, muda wake na tathmini yake. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa kila kipimo cha ualimu, na kwa muda ulizaa matunda, kwa kuwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa mzito, ulipata wepesi ulioonekana.

Kisha maendeleo yalisimama, na baada ya maendeleo kusimama ari nayo iliondoka. Dalili zake zinafaa kuelezwa kwa makini, kwa sababu mpigaji anayepatwa na hali hii huzitambua kwa kuchelewa. Ya kwanza ni kukaza nyuzi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa maana kukaza nyuzi ni kazi isiyoweza kushindikana, na anayeifanya huonekana kwake mwenyewe kuwa anafanya mazoezi. Ya pili ni kupiga tu kile kinachojulikana: mwandishi alikuwa na mzunguko mmoja aliouweza sana, na jioni baada ya jioni vidole vilirudi hapo vyenyewe. Ya tatu ni uzi kukatika na kuachwa vilevile, kwa ahadi kwamba nailoni itanunuliwa siku ya safari ya Musoma, na safari ikafika na nailoni isinunuliwe. Ritungu lilitundikwa ukutani likiwa na nyuzi saba.

Wanasaikolojia walianza kuandika juu ya kusimama kwa maendeleo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1897 na tena mwaka 1899, William Lowe Bryan na Noble Harter wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliokuwa wakijifunza kupokea ujumbe wa telegrafu kwa alama za Morse, wakaonyesha kwamba uwezo wa mwanafunzi hupanda, kisha hukaa palepale kwa kipindi kirefu, halafu hupanda tena. Kipindi hicho cha katikati walikiita tambarare, wakakieleza kuwa ni wakati ambao stadi za chini, kama kutambua herufi, zinakamilishwa hadi zijiendeshe zenyewe, ili stadi za juu, kama kutambua maneno mazima, zipate nafasi. Wengine walilipinga jambo hilo, na mwaka 1958 Fred Keller alidai kwamba tambarare hizo si sheria ya kujifunza, kwa kuwa hazionekani kwa kila mwanafunzi wala katika kila njia ya kufundishia. Kwa mpigaji wa ritungu, mjadala huo una faida hata kabla haujaamuliwa, kwani humwondolea mtu hofu kwamba kipawa chake kimefika mwisho. Hata hivyo, hofu ikiondoka hamu hairudi. Mtu anaweza kujua sababu ya kusimama kwake na bado asiinuke kwenye kiti.

Utafiti mwingine ambao hutajwa mara nyingi ni ule wa Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Watafiti hao walikuta kwamba wanafunzi bora walikuwa wamefanya mazoezi mengi zaidi wakiwa peke yao, kwa vipindi vyenye mapumziko, wakilenga udhaifu mahususi, na kwamba mazoezi ya namna hiyo si ya kufurahisha kwa yenyewe. Matokeo hayo yamesomwa na wengi kama sifa ya upweke: mpigaji ajifungie, ajikaze, na matunda yatakuja. Usomaji huo unasahau mahali wanafunzi hao walipokuwa. Walikuwa chuoni, wana mwalimu wa kumkabili kila wiki, wana mitihani, wana maonyesho, na nyuma ya ukuta wa chumba kimoja cha mazoezi kuna mwenzao anayepiga fidla yake. Upweke wao ulikuwa umezungukwa na watu wanaowangoja, ilhali upweke wa mwalimu aliye peke yake karibu na Mugumu haukuzungukwa na mtu. Jambo hilohilo linaonekana Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kina tamasha la kila mwaka. Mwanafunzi wa pale anapofanya mazoezi peke yake chini ya mnazi, tayari ana siku ya jukwaa, na mwandishi, aliyehudhuria tamasha hilo kama mtazamaji, aliona wazi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijiuliza apige au asipige.

Kilicholiondoa ritungu ukutani kilikuwa amri ya kazi. Mwalimu mkuu alimpangia mwandishi kuandaa kikundi cha ngoma kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi ambayo, pamoja na riadha na mpira, huwa na kwaya na ngoma. Watoto walikusanyika chini ya mwarobaini baada ya vipindi vya mchana, njuga zikiwa zimekwisha kufungwa miguuni, na hawakuweza kuanza bila mzunguko. Nailoni iliyoshindikana kununuliwa kwa miezi ilipatikana kesho yake. Hapakuwa na hamu yoyote iliyotangulia. Mikono ilianza kwa kuwa miguu ya watoto ilikuwa inangoja, na hamu ikafuata mikono baada ya siku kadhaa, kimyakimya, bila kuitwa. Mpangilio huu, yaani kazi kwanza na hamu baadaye, ni kinyume cha ule unaoaminiwa na wengi, na mwandishi anauona kuwa ndio ukweli muhimu kuliko yote aliyojifunza katika maisha yake ya kazi.

Watoto walitoa pia kitu ambacho azimio la kazi halikuweza kukitoa. Msichana wa darasa la sita, aliyekuwa mbele katika mstari wa wachezaji, alisimama katikati ya wimbo akasema kwa adabu, "Mwalimu, ukiimba, mkono unachelewa." Alikuwa ameona sawasawa. Kila mstari mpya wa maneno ulipoanza, kidole gumba cha kushoto kilisita kidogo kabla ya kugusa uzi mzito, na mguu wa mchezaji, ambao hauwezi kudanganywa, ulitua mahali ambapo sauti haikuwapo. Jioni hiyo mwandishi alikuwa na tatizo moja lenye jina, na tatizo la namna hiyo hushikika kwa urahisi kuliko lengo pana la kuwa mpigaji bora. Dawa aliyoipata ilitoka kwenye meza yake mwenyewe: alifungua daftari la mahudhurio akasoma majina ya wanafunzi kwa sauti, moja baada ya jingine, huku mikono ikiendelea na mzunguko. Majina hayana kiimbo cha kushindana na mikono, lakini yanaulazimisha mdomo kufanya kazi. Majina yalipopita bila kidole kusita, aliyageuza kuwa sifa, akaongeza kiimbo kidogo kidogo, mpaka wimbo wenyewe ukarudi mahali pake. Mazoezi hayo yalikuwa mafupi kuliko yale ya azimio la kazi, na yalikoma kabla ya uchovu, kwa sababu kesho yake mchana palikuwa na mtu wa kuthibitisha kama yamefaa.

Si kila kulegea kwa ari kuna chanzo hicho, na baadhi ya vyanzo ni vya kawaida kabisa. Mwandishi aligundua kwamba ari yake ilikuwa ikishuka kila mwaka kati ya Machi na Mei, akadhani ni uchovu wa muhula, kumbe ilikuwa ngozi. Ritungu lenye ngozi iliyolala hutoa sauti butu, na sikio linalopewa sauti butu kila jioni hukata tamaa kabla ya akili kujua. Moto kidogo au jua la saa nne hutosha. Ndiyo maana mpigaji anayelalamika kwamba amechoka anapaswa kwanza kuulizwa habari za ala yake kabla ya kuulizwa habari za moyo wake.

Tangu astaafu na kurudi Tarime, mwandishi amekuwa akifundisha vijana wachache nyumbani kwake, katika wakati ambao kinanda cha kanisani na muziki wa simu vimeshika sherehe nyingi zilizokuwa za ritungu. Kwa hiyo tatizo la vijana hawa ni kubwa kuliko lake: yeye aliwapoteza wasikilizaji kwa uhamisho, wao wanawapoteza wakiwa kwao, katika vijiji ambavyo nyakati nyingine huita wapigaji tu Mwenge wa Uhuru unapopita au wakati wa kampeni. Kwa sababu hiyo mwandishi hawapangii saa za mazoezi. Kila kijana hutakiwa kwanza kutaja mtu mmoja atakayempigia wiki hiyo, awe bibi, awe fundi baiskeli wa senta, awe mjomba aliyelazwa, na hurudi na kile ambacho mtu huyo alikisema. Mmoja wao aliacha kuja kwa muda mrefu baada ya kidato cha nne. Mwandishi hakumtumia ujumbe wa kumhimiza. Alimtumia habari kwamba shangazi yake wa upande wa Sirari anamuoza binti na ameulizia kama kijana yule bado anapiga. Kijana alifika Jumamosi, akalikuta ritungu lina uzi uliolegea, akauzungusha kikuku chake, na kabla ya kuketi vizuri alikuwa amekwisha kuuliza majina ya babu za bwana harusi.