Mpwa wangu kachaguliwa shule ya vipaji... aende?

Mtanisamehe kwa ukimya, kazi za chumba cha habari zimenibana.

Juzi nimeamshwa na simu ya dada kutoka nyumbani Masasi. Binti yake kachaguliwa kidato cha kwanza katika shule ya wasichana wenye vipaji maalumu. Hapohapo mkuu wa shule ya kata kamwomba: "Mama, tuachie huyu mtoto. Tunaanzisha mkondo wa wanaoelewa haraka, watasoma zaidi jioni." Dada ananiuliza, "Wewe ulisoma huko. Nimpeleke au nimbakize?"

Kwa wasiofahamu, serikali ina shule chache za aina hiyo: Ilboru Arusha, Kibaha Pwani, Mzumbe na Kilakala Morogoro, Msalato Dodoma, na Tabora zipo mbili, ya wavulana na ya wasichana. Zinachukua waliong'ara kwenye mtihani wa darasa la saba. Wengine wengi huenda shule za kata, zile zilizojengwa kwa kasi baada ya MMES kuanza mwaka 2004.

Mimi na rafiki yangu tulipokezana namba moja tangu darasa la nne. Majina yalipotoka, langu lilikuwemo, lake hapana. Nikapanda basi na tranka la bati na godoro. Huko nilikuta maabara yenye vifaa na vijana wanaobishania hesabu mpaka taa zizimwe. Muhula wa kwanza nikawa wa 74! Nililia chooni, sioni aibu kusema. Lakini ndipo nilipojifunza kusoma.

Rafiki yangu alifika kidato cha tatu bila mwalimu wa fizikia. Kila likizo alikuja kuazima madaftari yangu, ananakili usiku kwa taa ya chemli. Kidato cha nne akaanguka. Leo ana duka la simu, na nikinunua kitu ananitajia chenji kabla sijatoa pochi.

Ndiyo maana hoja ya mkuu yule iliniingia. Nilipoondoka mimi, rafiki yangu alibaki bila wa kushindana naye. Tukiwahamisha wote wenye moto, nani atauliza maswali darasani kule kijijini? Mkondo wa karibu ungewafaa wengi, na mtoto angelala kwao.

Basi nikampigia mkuu mwenyewe. Muungwana sana. Nikauliza, fizikia anafundisha nani? Akasema, "Tumeomba mwalimu, ataletwa."

Nikanyamaza. Rafiki yangu alijibiwa hivyohivyo miaka mitatu. Mkondo bila mwalimu ni herufi tu iliyoandikwa mlangoni.

Nikamwambia dada, aende. Binti akachukua simu: "Shikamoo mjomba. Sasa yule ninayekaa naye dawati moja, yeye je? Tulipishana maksi mbili tu."

Sikuwa na jibu. Nimemwambia kila likizo aje na madaftari yote, mimi nitalipia fotokopi za mwenzake. Najua hiyo siyo sera ya elimu. Ni mjomba mmoja anayelipa deni la zamani.

Wewe ungemwambiaje dada? Na ulimwacha nani kwenye dawati lako?

Tafakari. Siku njema.