Mfuko wa Vyombo vya Fundi ni wa Watu Wawili

Kila mwaka mvua inapoacha munatuuliza swali lile lile: “Koko, na mwaka huu tena munakwenda?” Ndiyo, tunakwenda. Mimi nilifundisha masomo ya msingi miaka 34, na mzee wangu aliendesha kamio tangu ujana wake. Sasa tumestaafu wote wawili. Watoto wana nyumba zao, na kitinda mimba anabaki kulinda ya kwetu. Kwa hiyo kiangazi chote, tangu mwezi wa sita hadi mvua zinaporudi, nyumba yetu ni pikipiki, turubai, mkeka, chandarua, sufuria mbili na bidoni ya maji. Tunatoka Kasongo, tunapitia Wamaza, tunafika Kabambare, kisha tunarudi. Siku za soko tunauza chumvi, sabuni, sindano, uzi na betri za tochi. Wakati wa kurudi tunanunua karanga na mchele. Magunia yanapanda kamio, sisi tunafuata polepole.

Watu wanashangaa wazee wanatafuta nini njiani. Mtoto wa mdogo wangu anaishi Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako Wakongomani wengi walipelekwa kama wakimbizi. Nilipomsimulia kwa simu, yeye hakushangaa. Alisema kule nako wapo. Baridi kali inapoingia Kanada na kaskazini mwa Marekani, wastaafu wengi wanapanda magari yenye kitanda na jiko ndani, wanashuka mpaka jangwa la Arizona. Wanaitwa ndege wa theluji, kwa sababu wanaikimbia baridi kama ndege wanaohama. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite serikali imetenga ardhi kwa ajili yao: kwa malipo wanaruhusiwa kukaa tangu tarehe 15 mwezi wa tisa hadi tarehe 15 mwezi wa nne. Mahali wanapoegesha hakuna umeme. Wanabeba maji yao, na moto wa taa wanautoa kwenye jua na betri.

Nikamuuliza: “Na gari likiharibika huko jangwani, nani anatengeneza?”

Akajibu: “Wao wenyewe, Mama mkubwa. Ao jirani aliyeegesha karibu.”

Ndipo nilipoona kwamba ni maisha yetu, tofauti ni ukubwa wa gari tu. Na hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo. Wazee wawili wakiishi njiani, mfuko wa vyombo vya fundi hauwezi kuwa wa baba peke yake.

Miaka mitatu iliyopita mzee wangu alianza kuona ukungu. Alikuwa akinipa buji niitazame, kisha akaanza kukwepa mawe yasiyokuwepo. Muganga alisema ni mtoto wa jicho: ile sehemu ya ndani inayopitisha mwanga inageuka kuwa nyeupe. Miwani haiondoi, dawa ya matone haiondoi. Inapaswa kupasuliwa, kitolewe kilichoharibika na kuwekwa kingine cha kutengenezwa. Ni kazi inayowezekana, lakini inataka safari na franka.

Wakwe na watoto wakafanya kikao. Wakasema tukae nyumbani. Shemeji mmoja akaongeza kwamba ni haya mwanamke mzee kushika usukani na mume akae nyuma. Mzee wangu akamjibu: “Nipeni macho yenu, nitaendesha mwenyewe.” Wakacheka, kikao kikaisha. Mimi nilijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, asubuhi kabla vijana hawajafika. Tangu hapo mimi niko mbele, yeye nyuma. Mimi ninaona njia, yeye anasikia injini. Akinigusa bega, ninasimama, kwa kuwa masikio yake hayadanganyi.

Njia yetu wakati wa kiangazi ina vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Hizi ndizo kazi ninazozifanya sasa kwa mikono yangu, na kila mama anaweza kuzifanya.

Filtri ya hewa. Ikijaa vumbi, injini inakosa pumzi na inakunywa esanse nyingi. Ya kwetu ni ya sifongo: ninaifua kwa maji na sabuni, ninaianika kivulini, ninaitia mafuta kidogo ya injini na kuikamua. Kama ya kwenu ni ya karatasi, musiifue. Ipigwe-pigwe tu vumbi litoke.

Esanse ya chupa. Tunainunua kando ya njia, kwa hiyo ninaipitisha kwenye kitambaa safi kabla ya kuimwaga ndani. Mara nyingi kinabaki mchanga.

Mnyororo. Kila jioni ninaufuta na kuutia mafuta. Ukilegea sana unaruka, ukikaza sana unakatika.

Mpira wa ndani. Ukitoboka, ninautoa, ninaujaza upepo na kuuzamisha katika beseni la maji. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Ninakausha, ninakwaruza mpaka mpira uwe na mikwaruzo, ninapaka gundi na kungoja ikauke kidogo, ndipo ninabandika kiraka na kukigandamiza. Kabla ya kuurudisha, ninapitisha kidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba, kwa maana ukibaki humo utatoboa tena.

Mwaka jana, katika mwezi wa saba, kazi hiyo ya mwisho ilitusaidia sana. Tulikuwa tumevuka Wamaza, Kabambare bado mbali. Usiku ule mzee wangu alishikwa na homa. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili, na kulipopambazuka hakuweza kusimama. Nikaenda kwenye pikipiki: gurudumu la nyuma limelala chini. Hapakuwa na fundi karibu, wala kamio iliyopita. Mama mmoja wa kijiji akanipa beseni na maji, watoto wake wakanishikia tairi. Mzee alikuwa akiniuliza kutoka mkekani, “Gundi imekauka?” nami nikamjibu, “Bado, lala.” Jua lilipopanda tulikuwa njiani, nimemfunga kwangu kwa kitenge kama mtoto mgongoni. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakakuta malaria, akapewa dawa. Siku ya nne alikula ugali na sombe, akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Nikajua amepona.

Wamama, mambo mengine mawili yanakaa ndani ya mfuko ule. La kwanza ni pochi ya matengenezo. Katika kila franka 10,000 za faida, 1,000 zinaingia humo, na haziguswi kwa chakula wala kwa likelemba. Zinanunua viraka, gundi, buji na mafuta ya injini kabla hatujaondoka, kwa kuwa huko mbele bei ni nyingine.

La pili ni karatasi ya kununulia pikipiki. Imeandikwa majina yetu mawili. Tumeona wajane walionyang’anywa hata sufuria. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, na tangu hapo mke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye mapatano. Lakini sheria inataka karatasi ya kuonyesha. Mzee wangu mwenyewe ndiye aliyesema jina langu liandikwe.

Safari ya mwaka huu ina kusudi moja: jicho la kulia. Tumehesabu: soko likiwa zuri na njia ikiwa na amani, faida ya karanga itatosha kwa upasuaji, na la kushoto litangoja kiangazi kingine. Kabla ya kuondoka tutauliza kwanza habari za usalama, kama kila mara. Wakituambia tungoje, tutangoja. Na nikiulizwa nani ataendesha akipata macho, tutapokezana. Mimi nimeshaizoea ile nafasi ya mbele.

Siku ya posho ijayo, saa tatu asubuhi, nitakuwa uani kwetu na beseni la maji. Mama anayetaka kujifunza kubandika kiraka aje na mpira wa ndani uliotoboka, wa pikipiki ao wa kinga. Gundi ninayo. Waje pia na mabinti wao.