Fyuzi Haifi kwa Uzee

Katika likizo iliyopita nilipata fundisho ambalo sikupata kulisikia darasani, nami nimeona ni vyema niwaeleze wenzangu, huenda likamfaa mmoja wao.

Nyumbani kwetu ni Koboko, karibu na pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu Serikali ilipotoa sera ya mwaka 2019 inayotaka kila mwalimu awe na shahada, walimu wengi wamerudi kusoma wakati wa likizo, na dada ni mmoja wao. Utafiti wake, kurasa sitini na zaidi, alikuwa ameuandika katika laptopu aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo haikuwaka ila kwa chaja. Utafiti huo ulitakiwa ufike kwa wakubwa wake siku ya Ijumaa.

Jumamosi dada alikwenda msibani. Alijua jinsi ninavyopenda michezo ya kompyuta, hivyo aliifungia chaja sandukuni akachukua ufunguo. Mimi nikajiona mjanja. Nikaazima kwa jirani chaja ya namna nyingi, ile yenye vichwa vingi na kitufe cha kuchagua volti, tangu 12 mpaka 24. Chini ya laptopu palikuwa pameandikwa 19, lakini sikuigeuza nikasoma. Nilisema moyoni kwamba kubwa ndiyo bora, nikasukuma kitufe mpaka 24. Nilipochomeka tu, nilisikia mlio mdogo, ta! kama punje ya mtama kikaangoni, ikafuata harufu ya kuungua. Kisha kimya.

Nikarudisha chaja kwa jirani, nikaipangusa laptopu, nikaiweka mahali pake. Jioni dada alipobonyeza, haikuwaka. Akaniuliza, "Umeigusa?"

Nikajibu, "La, dada. Pengine ni umeme. Ulikatika ukarudi kwa nguvu."

Hakusema neno. Lakini usiku nilimsikia akimwambia mama kwamba hana fedha za kununua nyingine.

Kwa kuwa dada alikuwa na mtoto mchanga, Jumatatu alinipa shilingi 80,000 alizokuwa ameweka akiba, pamoja na laptopu na chaja yake, akanituma kwa fundi Arua. Nikapanda taksi alfajiri, tukapita Maracha katika njia ya lami, na kabla ya saa nne nilikuwa nimefika katika jiji lile.

Fundi alikuwa mzee wa makamo, mwenye kibanda kidogo karibu na soko. Yeye Mlugbara na mimi Mkakwa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili kama wafanyavyo watu wengi wa sokoni. Kabla ya kushika bisibisi aliniuliza, "Siku ilipokufa, kulitokea nini?" Nikamwambia habari ya umeme uliorudi kwa nguvu.

Akachukua mita, akapima chaja ya dada. Ilitoa volti 19 na kidogo. Akatikisa kichwa, akasema, "Chaja ndiyo inayosimama kati ya ukuta na mashine. Umeme ukija vibaya, mara nyingi huiua yenyewe kwanza. Hii ni nzima. Ajabu."

Akafungua mfuniko. Jambo la kwanza alitoa diski, akaifunga kwa karatasi, akaniambia, "Kazi ya dada yako imo humu, haimo katika mazabodi. Hata mashine ikifa kabisa, tutaisoma katika nyingine." Moyo wangu ukatulia kidogo, lakini uongo wangu ulinibana vilevile, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua kwamba dada hawezi kununua hiyo nyingine.

Basi akajaribu kitufe cha kuwashia, kilikuwa kizima. Akatoa vibao vya kumbukumbu, akasafisha meno yake, akavirudisha. Hakuna kitu. Ndipo akaanza kuufuata umeme kama mtu afuatavyo maji ya mfereji ili aone yanapopotelea. Penye tundu la chaja mita ilionyesha 19. Hatua chache mbele, baada ya kidude kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, ilionyesha sifuri. Kidude kile kilikuwa fyuzi, nayo ilikuwa imekatika.

Nikafurahi, nikamwambia, "Basi mzee, weka nyingine twende!"

Fundi akaweka mita chini, akanitazama. "Kijana, fyuzi haifi kwa uzee. Imekufa ili kuzuia jambo kubwa zaidi. Nikiweka mpya bila kumjua aliyeiua, nayo itaungua, na labda safari hii itaungua pamoja na vitu vya thamani. Sasa jua linakuchwa. Nenda ukalale, ukumbuke vizuri."

Nililala kwa mjomba wangu, tena kulala kwenyewe si kulala. Kila nilipofumba macho nilisikia ule mlio, ta!

Asubuhi nilikuwa mlangoni pake kabla hajafungua. Nikamweleza yote: sanduku, chaja ya jirani, kitufe cha 24. Nilitazamia kukemewa, lakini alisema tu, "Ungeniambia jana, ungelala kwenu."

Sasa alijua pa kutafuta. Karibu na tundu la chaja, mara baada ya fyuzi, kuna dayodi iliyowekwa kulinda mlango: volti zikizidi kiasi chake, huzipitisha upande wa hasi ili zisiingie ndani. Volti zangu 24 zilikuwa zimeizidi nguvu. Akagusa pande zake mbili kwa mita, nayo ikalia mfululizo. "Shoti," akasema. Akaing'oa kwa hewa moto, akapima tena mahali palepale. Mita ikanyamaza. Sehemu nyingine za mazabodi zilikuwa salama, kwa kuwa mlinzi na fyuzi walikufa mlangoni.

Katika mazabodi mbovu alizozihifadhi akapata dayodi ya namna ileile na fyuzi ya kiasi kilekile. Nikamwuliza kwa nini asiunge kipande cha waya mahali pa fyuzi, kama nilivyoona wengine wakifanya. Akacheka, akasema, "Waya haujui kufa kwa ajili ya wenzake."

Alipomaliza kulehemu hakutumia chaja mara moja. Aliiunga katika mashine yake ya kupimia, akaizuia isipitishe umeme mwingi, kisha akaniambia nibonyeze. Tarakimu zikapanda, feni ikazunguka, kioo kikawaka. Akarudisha diski, nikaziona kurasa za dada zote. Alitoza shilingi 50,000.

Njiani kurudi Koboko nilijua kwamba kazi ngumu bado haijafanywa. Nilipofika nilimkabidhi dada laptopu ikiwa inawaka, na kabla hajashukuru nikamwambia kweli. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaizima, akaigeuza juu chini, akasema, "Soma."

Nikasoma, "Volti 19."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaichukua chaja, akaiweka mezani, akasema, "Hii sitaifungia tena sandukuni." Maneno hayo yaliniingia kuliko fimbo. Ijumaa alipeleka utafiti wake.

Wenzangu, mtakapoazima chaja, kumbukeni haya: volti zake ziwe sawasawa na zilizoandikwa chini ya mashine, na kichwa chake kiwe cha namna ileile. Ampea za chaja zikizidi si neno, kwani mashine huchukua kiasi inachohitaji; zikipungua ndipo chaja huelemewa. Na mashine ikiharibika, mwambieni fundi yote yaliyotokea, hata yale ya aibu. Mazabodi haikumficha fundi kitu. Aliyeficha ni mimi, na kuficha kwangu kulitupotezea siku nzima. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humwumbua.