Ngoma Ikilia Sana Hupasuka

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini sikuielewa mpaka ilipoingia nyumbani kwetu Koboko.

Kaka yangu ni mkimbiaji. Kila alfajiri, kabla malori hayajaanza kuelekea mpakani Oraba, yeye alikuwa barabarani. Jioni alipanda baiskeli hadi giza liingie. Hakuwa na siku ya kupumzika, na alikula mlo mmoja tu kwa siku ili mwili uwe mwepesi. Vijana wa mtaani walimwita Chuma.

Miaka 3 baada ya ndoa, mtoto hakupatikana. Lawama zote zilimwangukia shemeji. Shangazi alimletea mizizi ya kuchemsha, na wazee wakaanza kuuliza kaka ataoa lini mke wa pili. Hakuna aliyemshuku kaka. Babu alimtolea mfano Idi Amin, Mkakwa mwenzetu, ambaye alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950 na bado akazaa makumi ya watoto. Hata mimi niliamini kuwa mwanamume mwenye nguvu hawezi kuwa na kasoro.

Siku moja shemeji aliniita akiwa anafua. "Shemeji, mimi nimepimwa mara mbili, sina tatizo. Naomba umwambie kaka yako naye aende."

Nilikaa kimya wiki nzima. Mdogo atamwambiaje mkubwa wake jambo kama hilo? Nilipomwambia, alikasirika, akaacha kunisemesha. Siku ya tatu akasema, "Twende." Tulikwenda Arua, mahali ambapo hakuna aliyetujua.

Majibu yalionyesha mbegu milioni 6 kwa mililita moja. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kama kipimo ni milioni 16. Daktari hakuuliza kwanza habari za ndoa. Aliuliza kaka anakula nini, analala saa ngapi, na kama amewahi kudungwa sindano za kukuza misuli, kwa sababu dawa hizo huweza kusimamisha utengenezaji wa mbegu. Kaka hakuwahi kuzitumia.

Akatueleza kwamba mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata hujibana. Ubongo hupunguza ishara zinazoziamuru korodani kutengeneza homoni ya testosteroni na mbegu. Pia korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na saa nyingi juu ya kiti cha baiskeli, ndani ya kaptura ya kubana, huongeza joto. Alikiri kuwa huenda mazoezi si sababu pekee, lakini akasema ndiyo ya kuanza nayo.

Hakumkataza kukimbia. Mazoezi ya kiasi huufaa mwili, uzazi ukiwemo. Eliud Kipchoge, aliyekimbia Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka 2022, ni baba wa watoto 3. Lakini mkimbiaji wa namna hiyo hupangiwa chakula na mapumziko. Kaka alikuwa na jasho tu.

Mbegu huchukua siku 70 na zaidi kukomaa, kwa hiyo tulirudi baada ya miezi 3. Kaka alikuwa akila milo mitatu, akipumzika siku mbili kwa wiki, na baiskeli ameiweka kando. Majibu: milioni 13.

Mtoto bado hajapatikana. Lakini jioni ile kaka aliwakusanya wazee na kusema, "Msimlaumu mke wangu tena. Tatizo liko kwangu, nami ninatibiwa." Babu aliinamisha kichwa. Shangazi hakuleta mizizi tena.

Wenzangu tunaoshindana uwanjani kila jioni, tuendelee kukimbia. Ila tule, tulale, na likitokea la uzazi, tusimtangulize mwanamke peke yake kwa daktari. Mbio ndefu kuliko zote alizowahi kukimbia kaka yangu ni ile ya kwenda kupimwa.