Nyuma ya Nyumba Kuna Nini

Kovu la tumboni halimwambii mkunga kila kitu. Mstari unaouona kwenye ngozi unaweza kuwa mlalo, umepona vizuri, na huko ndani mfuko wa uzazi ukawa umekatwa wima. Aliyekatwa mlalo, sehemu ya chini ya mfuko, mara nyingi anaruhusiwa kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida mimba inayofuata. Aliyekatwa wima kwenda juu hashauriwi, kwa sababu nyama ya juu ya mfuko ndiyo inayojikaza kwa nguvu uchungu ukija, na mshono wa hapo ni mwepesi zaidi kuachia. Ndiyo maana mkunga wangu hapa Leeds, Uingereza, nilipomwambia mtoto wa pili nataka kumzalia nyumbani, kwanza aliomba karatasi ya operesheni niliyofanyiwa Dar es Salaam.

Sikuwa nayo. Nilichopewa wakati wa kuruhusiwa ni karatasi yenye tarehe, uzito wa mtoto na maneno machache kwamba nilijifungua kwa upasuaji. Hakuna aliyenieleza nilivyokatwa, wala kwa nini uamuzi ulifikiwa usiku ule. Mdogo wangu wa kiume alilazimika kwenda na kurudi masjala ya hospitali ile mpaka faili likapatikana, na ndani yake ukurasa mmoja kwa mwandiko wa daktari: mkato mlalo, chini, mapigo ya mtoto yalikuwa yameshuka. Ukurasa ule ulikuwa wangu tangu mwanzo. Kila mama aliyepasuliwa anapaswa kutoka wodini akiwa na nakala yake, na hilo halihitaji mashine wala mfadhili.

Shangazi zangu wa Tanga wanaamini aliyepasuliwa mara moja ndiyo basi, watoto wote watatoka kwa kisu. Wazo hilo si la kwao peke yao. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliandika jambo hilohilo, na wakati huo alikuwa na haki, maana mkato wa siku zile ulikuwa wa wima. Kuanzia miaka ya 1920 Munro Kerr wa Glasgow akaupigania mkato mlalo wa chini, nao polepole ukawa ndio wa kawaida. Mkato ulibadilika, hofu ikabaki na umri wake.

Mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi wa Uingereza, wa mwaka 2015, unasema hivi: kati ya wanawake 100 waliopasuliwa mara moja na wakapanga kuzaa kwa njia ya kawaida, 72 hadi 75 hufanikiwa. Kwa aliyewahi kuzaa kawaida kabla, ni 85 hadi 90. Kovu kuachia wakati wa uchungu hutokea kwa takriban mama 1 kati ya 200, na uchungu ukianzishwa au kuongezwa kwa dawa hatari hiyo hupanda mara mbili hadi tatu. Upande wa pili, kila operesheni inayoongezeka huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu katika mimba za baadaye, jambo linaloweza kumwaga damu nyingi mno. Mimi bado nataka watoto, na hesabu hiyo ina uzito kwangu.

Mwongozo huohuo unataka uchungu wa namna hii uwe hospitalini, chumba cha upasuaji kikiwa karibu na moyo wa mtoto ukifuatiliwa muda wote. Kujifungulia nyumbani baada ya operesheni, hata Uingereza, ni kwenda nje ya ushauri. Nalisema wazi ili asitokee dada wa kuinukuu nusu ya habari yangu.

Sikufukuzwa kwa kutaka hivyo. Mwaka huohuo wa 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya Nadine Montgomery, mama wa Uskoti mwenye kisukari ambaye hakuelezwa kwamba mabega ya mtoto wake yangeweza kukwama, na mtoto akazaliwa akaumia. Tangu hapo daktari anatakiwa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu wa hali yake angependa kuzijua, pamoja na njia nyingine zilizopo, kisha mgonjwa aamue. Kwa hiyo niliitwa nikaketi na mkunga mwandamizi na daktari bingwa. Daktari hakupamba maneno. Alisema dalili inayotangulia mara nyingi kovu likiachia ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika, na nyumbani hakuna mashine ya kuyafuatilia bila kukoma. Wakunga watasikiliza kwa kifaa cha mkononi kila baada ya dakika 15, na mara nyingi zaidi nikianza kusukuma. Alisema gari la wagonjwa linaweza kuchelewa. Alisema kuna siku timu ya wakunga wa nyumbani haina watu wa kutosha, na siku hiyo nitakwenda hospitali nipende nisipende. Mume wangu aliuliza kutoka mlangoni mwetu hadi meza ya upasuaji ni muda gani, usiku na saa za foleni, wakakokotoa pamoja.

Kilichotoka hapo ni mpango ulioandikwa. Wakunga wawili, sio mmoja. Hakuna dawa ya kuanzisha uchungu nyumbani. Maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, damu, uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, mapigo yangu kwenda mbio, au njia kutofunguka inavyotakiwa: lolote kati ya hayo, tunaondoka bila mjadala. Mengine ni maandalizi ya mchana mmoja. Beseni kubwa la kujaza upepo, plastiki za sakafuni, taulo kuukuu, mkoba wa hospitali kando ya mlango, jirani wa kumchukua mkubwa wangu.

Habari hizi zilifika Muheza, mkoani Tanga, kabla sijazieleza vizuri. Wifi yangu, mke wa kaka, anaishi kijijini huko Amani milimani, naye ni mjamzito, na mtoto wake wa kwanza alitoka kwa operesheni kama wangu. Watu wakamwambia: kama Ulaya kwenyewe wanazalia nyumbani, wewe unahangaika na hospitali ya nini? Hilo lilinikosesha usingizi kuliko takwimu yoyote ya daktari. Walisikia nyumba, hawakusikia kilichosimama nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba yangu kuna wakunga waliosomea, simu inayoita gari, damu ya kuongezewa na meza ya upasuaji ya kweli. Nyuma ya nyumba ya wifi kuna barabara ya utelezi wakati wa masika, bodaboda, na bibi mwenye mizizi ya kuongeza uchungu. Hiyo mizizi ndiyo inayonitisha hasa. Kama dripu ya uchungu inayopimwa kwa matone hospitalini inaogopwa kwa mwenye kovu, vipi kikombe ambacho hakuna ajuaye nguvu yake?

Lakini siwezi kumkaripia mama anayetaka kubaki nyumbani kwao. Sababu zake nazijua. Kuambiwa aje na mabeseni, glovu na pamba wakati huduma inatajwa kuwa ni bure. Kulala leba peke yake huku mama yake yuko kwenye benchi nje. Maneno makali. Hofu ya kukatwa tena bila kuelezwa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta uzazi 81 katika kila 100 unafanyika kwenye vituo vya huduma, kutoka 63 mwaka 2015/16, na vifo vya uzazi vimekadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kadi ya kliniki nayo humtaka aliyewahi kupasuliwa akajifungulie hospitali, sio zahanati. Na sasa kuna mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama: mtu anapiga 115 bila malipo na gari linatafutwa, hata la dereva wa kijijini.

Kwa hiyo nilimwambia: "Wifi, usiige nyumba yangu. Iga maswali yangu." Ulikatwaje? Hapo unapokwenda wanapasua usiku? Nani atakaa na wewe? Ameamua kujaribu kuzaa kawaida, lakini hospitalini. Mwezi wa tisa wa mimba ukianza atashuka mjini Muheza akae kwa shangazi, karibu na Hospitali Teule, ili masika yasimkute juu.

Limebaki la Mama. Alikuwa aje Leeds. Hapa mkunga atanitembelea siku chache baada ya kujifungua, kisha nitabaki na mume wangu na likizo yake fupi; hakuna wa kunikanda maji ya moto, hakuna uji wa asubuhi, arobaini yangu itakuwa ya simu. Nilimtaka sana. Tumezungumza, nikamwomba aahirishe safari akakae na mkwewe, kwa kuwa mwenye uhitaji mkubwa zaidi ni wifi. Mama amekubali, na amesema mizizi ya bibi haitavuka kizingiti cha shangazi maadamu yeye yupo.